Kila Kiungo Kinadaiwa Sadaka

Mwaka 2020, roboti zilizosaidia kuwahudumia wagonjwa wa Korona pale Kanyinya, Kigali, zilikwenda kwa magurudumu. Kutembea kwa miguu miwili ni jambo zito. Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, walitengeneza WABOT-1, roboti yenye umbo la mtu. Ilitembea, lakini polepole mno, na kila kiungo kilibidi kitafutiwe nguvu ya kukisukuma.

Sisi tumepewa viungo bure. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila kiungo kinadaiwa sadaka kila siku, na kila hatua ya kuiendea swala ni sadaka. Basi ikiadhiniwa Alfajiri hapa Nyamirambo, miguu yako huinuka, au hubaki chini ya blanketi? Mola atujaalie tuwe wenye kushukuru. Amin.