Mtangazaji wa Majini na Dhima ya Msikilizaji



Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili. Mtu anakaa mbele ya maikrofoni saa sita za usiku, anawaachia watu wasimulie habari za majini, mizimu na uchawi bila kuwahakiki, kisha anasema: "Mimi sisemi ni kweli wala si kweli, msikilizaji ataamua mwenyewe." Je, kwa maneno hayo amejivua dhima? Na yule msikilizaji aliyeachiwa kuamua, yeye ana dhima gani? Siulizi kama mwanachuoni. Nauliza kama msikilizaji aliyemdhulumu mtu kwa sababu ya kipindi cha namna hiyo.

Ninaishi na Ssenga wangu, dada yake baba, katika ghorofa moja upande wa chini wa Nakasero, karibu na soko. Juu ya kilima kuna balozi, mahoteli na majumba yenye kuta ndefu. Huku chini kuna maduka, steji za boda boda na mizigo ya matunda inayoanza kushushwa kabla ya alfajiri. Kwenye kibaraza cha duka lililo chini yetu hukesha mzee mmoja mlinzi mwenye redio ndogo ya betri. Wakati wa mitihani nilikuwa nikishuka kumpelekea chai, na siku moja nikabaki kusikiliza. Kipindi kilikuwa cha Kiganda. Jina la mtangazaji na la stesheni siyaandiki, kwa kuwa sikukusudia kumsengenya mtu.

Tulikuwa wasikilizaji wachache pale kibarazani, na kila mmoja alikuwa na maoni yake juu ya mtangazaji yule. Mzee alimpenda. Aliniambia, "Mwanangu, mimi mchana nikisema nimeona kitu, hakuna anayenisikiliza. Huyu anamsikiliza hata mlevi." Kijana mmoja wa boda boda alikuwa na hakika kwamba wanaopiga simu wamelipwa, na alisema hivyo kila usiku, lakini hakukosa hata usiku mmoja. Mama mmoja anayeuza maembe na mananasi sokoni aliamini kila neno; baada ya kusikia kisa cha mwanamke anayewatokea watu njiani, alibadilisha njia yake ya kuja kazini, akawa anazunguka mbali gizani. Rafiki yangu wa chuoni nilipomweleza alijibu kwa neno moja: haramu. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari: nasikiliza tu, siamini.

Nilipoanza kulichunguza jambo hili nikaona kuwa si la kwetu peke yetu. Marekani alikuwepo mtangazaji aitwaye Art Bell, aliyefariki Aprili 2018. Kipindi chake, Coast to Coast AM, alikirusha usiku kucha kutoka Pahrump, mji mdogo wa jangwani huko Nevada, na katika miaka ya 1990 kilipokelewa na mamia ya stesheni. Watu walimpigia kueleza habari za vyombo vya angani, mizuka na wageni kutoka sayari nyingine, naye aliwapokea hewani bila mtu wa kuwachuja kwanza. Wasikilizaji wake waligawanyika kama tulivyogawanyika sisi kibarazani. Madereva wa malori na wafanyakazi wa zamu za usiku walimwona kama mwenzao wa pekee katika saa ambazo dunia imelala. Wengine walimwona mfanyabiashara wa uongo. Mwaka 1998 kamati moja ya wanasayansi na wapinzani wa ushirikina, CSICOP, ilimpa tuzo ya kejeli ya "mshumaa uliozimwa".

Tukio linalotajwa zaidi katika kumlaumu lilianza Novemba 1996. Wakati huo nyota yenye mkia iitwayo Hale-Bopp ilikuwa ikilikaribia jua. Mtu mmoja kutoka Houston, mpenzi wa kutazama nyota, alipiga simu akadai amepiga picha ya kitu kikubwa kinachoifuata nyota hiyo. Wageni wengine wa kipindi wakaja na madai yao kuwa kitu hicho ni chombo chenye viumbe ndani yake. Januari 1997 Bell aliitoa hadharani picha aliyokuwa amepewa kama ushahidi, na wanajimu wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakaonyesha kuwa ni picha yao iliyochezewa. Machi mwaka huohuo, karibu na San Diego, watu 39 wa kundi la Heaven's Gate walikutwa wamejiua wakiamini kuwa roho zao zitachukuliwa na chombo kilichoifuata nyota ile.

Hapa tunapaswa kuwa waadilifu. Kundi lile lilikuwa na itikadi zake kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya simu ile, na lenyewe liliandika kwamba kuwepo au kutokuwepo kwa kitu nyuma ya nyota hakubadilishi chochote kwao. Kwa hiyo siwezi kusema Art Bell aliwaua. Lakini pia siwezi kusema kuwa habari iliyopita katika mamia ya stesheni haikuwa na uzito wowote kwa sababu tu msemaji alisema "amueni wenyewe".

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Mwanzoni mwa 1995 visiwa vya Pemba na Unguja viliingiwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwashambulia watu usiku majumbani mwao. Familia zilikesha nje pamoja zikiogopa kulala ndani. Katika hofu hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Zanzibar. Kuna jambo moja katika visa vile ambalo lilinifanya nifikiri sana: ilisemwa kwamba Popobawa humwamuru aliyeshambuliwa awasimulie wengine, la sivyo atarudi. Liwalo na liwe kuhusu kiumbe huyo, amri hiyo ya kusimulia ndiyo iliyoieneza hofu kutoka nyumba hadi nyumba.

Sasa turudi katika dini yetu. Sisi Waislamu hatuwezi kujibu suala hili kama wanavyolijibu wale wasioamini ghaibu kabisa. Majini wapo, Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Wengi wetu tunafanya hiyo kuwa hoja ya kupokea kila kisa: kwa kuwa majini wapo, basi kisa cha jana usiku ni cha kweli. Hoja hii ina kasoro. Kuamini kwamba wezi wapo hakumfanyi kila jirani kuwa mwizi. Tena aya ya sita ya Surat al-Jinn inaeleza kwamba wanadamu waliotafuta kinga kwa majini hawakuambulia ila kuzidishiwa mzigo. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tumefundishwa namna kuhani anavyopata neno moja la kweli lililoibwa, kisha likachanganywa na uongo mia. Kwa hiyo kisa kikitokea kuwa na punje ya ukweli, hilo halikihalalishi chote. Anayeamini ghaibu ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi katika kuhakiki, maana anajua kuwa huko kuna ukweli unaoweza kuigizwa.

Angalia kisa cha Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, alipowekwa kuilinda zaka ya Ramadhani. Mgeni alimjia usiku mara tatu akiiba chakula, na mara ya mwisho akamfundisha kusoma Ayatul-Kursiy anapolala. Abu Hurayra hakuyachukua maneno ya mgeni wa usiku akaanza kuyatangaza. Kila kulipokucha alikwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na hapo ndipo alipojulishwa kuwa maneno yale ni ya kweli ingawa msemaji wake ni mwongo mkubwa, naye ni shetani. Habari ilisikika usiku, ikapelekwa kwa mwenye elimu asubuhi, ndipo ikatumika.

Wala watangazaji wa usiku si wapya katika umma huu. Walikuwepo waitwao qussas, wasimulizi waliokaa misikitini na masokoni wakiwakusanya watu kwa visa vya ajabu. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu yao. Naye mwenyewe alikuwa mhubiri aliyehudhuriwa na halaiki, kwa hiyo hakutaka usimulizi ukome. Alitaka msimulizi awe na elimu na aogope kumzulia Mtume. Elimu ya isnadi tunayoisoma darasani, ile ya kuuliza nani kakuambia, na yeye kaambiwa na nani, na je anaaminika, ilikua kwa sababu wanavyuoni hawakuridhika na neno "watu wanasema".

Kwa kipimo hicho, dhima ya mtangazaji inaonekana. Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameipokea hadithi yenye maana kwamba mtu akisimulia kila alichosikia, hilo pekee latosha kumtia katika uongo. Haikusema "akiongeza la kwake". Anayekifungulia mlango kila kisa, naye ana uwezo wa kuuliza swali moja la ziada na hakuuliza, hawezi kujificha nyuma ya aliyepiga simu. Hata hivyo, alichokisema mzee mlinzi nacho kina haki yake. Kampala ilizoea redio inayompa mtu wa kawaida nafasi tangu stesheni binafsi zilipoanza mwaka 1993. Tulikuwa na mijadala ya hadhara ya ebimeeza mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2009. Mtu asiyesikilizwa popote atakwenda anakosikilizwa. Ikiwa misikiti yetu imefungwa baada ya isha na sisi wanafunzi tunamcheka mwenye hofu, tusishangae kumkuta redioni. Kwa hiyo simlaumu mtangazaji kwa kusikiliza. Namlaumu kwa kuishia hapo.

Sasa nije kwangu. Usiku mmoja mpiga simu alisimulia juu ya msichana wa kazi aliyetoka kijiji cha kando ya ziwa akaingia na jini katika nyumba ya tajiri wake, na biashara ya tajiri ikaanguka. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, nilimsimulia Ssenga huku nikicheka. Kwetu palikuwa na msichana wa kazi. Naye alitoka kando ya ziwa. Naye alikuwa akizungumza usingizini. Na miezi ile duka la Ssenga halikuwa likiuza vizuri. Mimi nilikuwa nimekwisha sahau kisa, Ssenga hakusahau. Baada ya wiki mbili nilirudi kutoka chuoni nikamkuta msichana hayupo. Alikuwa amepewa nusu ya mshahara wa mwezi na nauli. Ssenga aliniambia, "Si wewe mwenyewe uliyenieleza?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa natania. Lakini aya ya sita ya Surat al-Hujurat, ambayo nilikuwa nimeihifadhi tangu shule ya msingi, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukawa wenye kujuta. Haikutofautisha kati ya aliyesimulia kwa kuamini na aliyesimulia kwa mzaha. Aliyedhurika ni yuleyule. Duka, kwa taarifa yenu, liliendelea kuuza vibaya baada ya yeye kuondoka.

Tunajua kwamba toba ya haki ya mja haikamiliki kwa istighfari tu, haki hurudishwa. Nilizungumza na Ssenga kwa muda mrefu, naye ni mwanamke mcha Mungu, akakubali. Tulituma mshahara uliobaki kwa simu ya mama yake msichana, kisha nikapiga kumwomba radhi. Alinisikiliza, akashukuru kwa pesa. Halafu akauliza, "Na majirani mmewaambia? Hapa kijijini wanajua nilifukuzwa kwa sababu ya jini." Sikuwa na jibu. Ssenga alikwenda kwa majirani watatu aliokuwa amewaeleza, akasema alikosea. Lakini hatujui wao walimweleza nani, na nani alifikisha mpaka kijijini.

Ndipo nilipoona kuwa "nasikiliza tu, siamini" haikuwa kinga yoyote. Surat al-Isra, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na inataja kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Sikio limetajwa. Maoni yetu wasikilizaji juu ya mtangazaji, kwamba ni mwongo au ni mkweli, ni mzuri au ni mbaya, huenda ni njia ya kuliahirisha swali lingine: kile nilichokisikia, nimekipeleka wapi?

Sikuandika haya ili tuanze kukagua redio za watu. Bado nashuka na chai kibarazani, kwa kuwa yule mzee ana haki ya kusalimiwa. Tofauti ni kwamba kisa kikiisha ninamwuliza: huyu aliona mwenyewe au aliambiwa? Mwanzoni aliudhika kidogo. Siku hizi ananitangulia kuuliza. Na yule mama wa maembe nimemwandikia Ayatul-Kursiy kwa herufi anazoweza kusoma. Bado hajarudi kwenye njia yake ya zamani.

Allah atusamehe tuliyoyasikia na tuliyoyafikisha, na awarudishie heshima yao wale tuliowaharibia. Wallahu a'alam.