Kumpenda Mtu na Kuukataa Uovu Wake

Mafundisho ya Kikristo humtaka mwumini ampende mtu na auchukie uovu wake. Agostino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, aliliandika wazo hilo mwanzoni mwa karne ya 5, alipowashauri watawa wa kike namna ya kumrekebisha mwenzao aliyekosa. Ni neno jepesi kinywani. Uzito wake huonekana pale ambapo mtenda maovu ndiye anayekulisha, na kwa mfano wa jambo hilo hatuna haja ya kwenda mbali kuliko Ujiji.

Mwanzoni mwa mwaka 1869 David Livingstone, mmisionari aliyeichukia mno biashara ya watumwa, alikuwa mahututi magharibi ya Ziwa Tanganyika. Aliyemwokoa ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Huyu alimwuguza, akaamuru abebwe kitandani, wakavuka ziwa, hata wakafika Ujiji tarehe 14 Machi. Livingstone alimshukuru kwa wema wake, wala hakuacha kuilaani biashara yenyewe. Je, ulikuwa unafiki? Sidhani. Mgonjwa hachagui mkono wa kumwinua, na wema wa Bogharib ulikuwa wema wa kweli. Lakini uji alionyweshwa mgonjwa ulitoka katika mali ile ile aliyoilaani.

Ilipofika tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa Dugumbe waliwamiminia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, ama kwa risasi ama kwa kuzama mtoni. Dugumbe huyo ndiye ambaye Livingstone alikuwa amemwomba watu wa kufuatana naye. Alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola. Dugumbe akamzuia, asije akajiingiza katika kisasi cha damu. Tangu hapo hakuweza tena kuandamana nao. Aliikatiza safari ya kutafuta chanzo cha Nile, iliyokwisha kumla miaka mitano, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na amekonda, akawasili 23 Oktoba. Nadhani hapo ndipo kuukataa uovu kulipomgharimu kitu.

Ujiji alikuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja zimekwisha kuuzwa na Sherif, mtu aliyekabidhiwa. Sherif akaja kumpa mkono, Livingstone akaukataa. Kisa hiki kidogo ndicho kinisumbuacho. Mikono ya wauza watu alikuwa ameishika miaka mingi, bali mkono ulioiba vitambaa na shanga zake haukushikika. Simcheki, maana alikuwa karibu kufa njaa. Hata hivyo nani kati yetu asiyefanya hivyo? Dhambi aliyotendewa mwingine tunaweza kuitenga na mtendaji kwa utulivu. Ile iliyotugusa wenyewe hutuonyesha sura ya mtu mzima-mzima.

Sharti basi tuulize ni nani aliyeumizwa, kabla hatujajisifu kwamba twampenda aliyeumiza. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi Ujiji, wataona jiwe linalokumbusha mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Waliopitishwa njia hiyo na shingo zao katika kongwa hawatajwi juu yake, nao ndio waliostahili kuulizwa kama Bogharib alikuwa mtu mwema.