Stara Ni Haki ya Nani?

Kwetu sisi watu wa Pwani hapana neno lipendwalo kama stara. Nyumba husitiriwa, maiti husitiriwa, na aibu ya jirani kadhalika. Neno hili twaliheshimu, kwani ni katika dini. Lakini limekuwa likitumiwa pasipo mahali pake, hata limegeuka pazia la dhalimu, na hilo ndilo tutakalo kuwaeleza wasomaji wetu.

Barabara kuu itokayo Nairobi kuja Mombasa hupita Makueni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, hata Mtito Andei. Kitui ni jirani yake upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya nchi hizo ni kavu, na mvua ikikosa msimu baada ya msimu, kama ilivyokosa tangu mwisho wa 2020 hata 2022, mzazi hushindwa kulisha wanawe. Ndipo hutokea mtu wa maneno laini, pengine ni jamaa, akasema: iko kazi ya nyumba Mombasa, iko hoteli Malindi, yuko bibi Ghuba ataka yaya. Msichana hupanda basi. Wako wafikao wakapata kazi ya halali, wala hilo hatulikanushi. Na wako wanaofikishwa kwenye nyumba ambayo kazi yake siyo ile waliyotajiwa, na deni la nauli likafanywa kamba ya kuwafungia. Wazee wetu waliijua rehani ya namna hii: katika njaa za karne ya 19 mtoto aliwekwa kwa mwenye chakula, na wengine hawakukombolewa maisha. Sheria ya kuondoa utumwa Pwani ilitoka mwaka 1907. Tabia haikuondoka na sheria.

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF zilitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya Pwani. Walikadiria wasichana baina ya 10,000 na 15,000 wakiuza miili yao Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani, na wengine katika hao walitoka mikoa ya mbali. Sisi tulizoea kumtupia lawama mgeni wa Ulaya. Taarifa ile ilitutia haya, kwani katika wanunuzi kundi kubwa kuliko yote, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenyewe.

Sheria hazikosekani. Ile ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu imeweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Tena yasema kuwa ridhaa ya aliyedanganywa si hoja, na kwamba kosa ni kosa hata asipovushwa mpaka wa nchi. Kinachokosekana ni hesabu. Mtu hukamatwa, magazeti yakaandika siku moja, kisha husemwa kuwa uchunguzi waendelea. Mama aliyeko Mwingi au Wote hana wa kumuuliza. Na mwenye kuuliza kwa niaba yake huambiwa, tuwasitiri watoto.

Hapo ndipo twasema: hapana! Jina la msichana, sura yake na kijiji chake ni amana, na mwenye kuvitangaza tutakuwa khasimu zake. Ama idadi ya majalada yaliyofunguliwa, yaliyofika mahakamani na yaliyofungwa, na ni nani aliyeamuru yafungwe, hayo hayana sura ya mtoto yeyote. Hebu tujiulize: jambo hili likifunuliwa, ni nani atakayeinamisha uso? Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asipokuwepo, na ya kwanza ni mashtaka ya aliyedhulumiwa. Na aya ya 33 ya Surat an-Nur imekataza kuwalazimisha vijakazi umalaya kwa tamaa ya mali. Wafasiri wengi wasema kuwa iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ubayy, naye alikuwa mkubwa wa watu Madina. Ukubwa wake haukumpatia stara.

Twakiri kuwa mpelelezi ahitaji siri, na kuwa mtuhumiwa si mkosa hata ahukumiwe. Lakini siri ya upelelezi ina muda wake, na kamati ya Bunge yaweza kusikiliza ushahidi faraghani. Tena kimya humdhuru hata asiye na hatia, kwani palipo kimya uvumi huhukumu.

Basi twawataka Wabunge na Maseneta wa Kitui, wa Makueni na wa Pwani wasimame pamoja, maadamu msichana hutoka kwao akafika kwetu. Kifungu cha 125 cha Katiba kimezipa kamati zao nguvu za Mahkama Kuu katika kumwita shahidi na kumlazimisha kutoa waraka. Mwananchi naye ana kifungu cha 119 cha kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo yampa afisa siku 21 za kujibu. Wasiotumia haki hizi wasilalamike barazani.

Na msomaji ambaye ana mtumishi kutoka Ukambani, kabla hajamwandikia Mbunge wake, amuulize leo jioni: ni nani aliyekuleta, na wamdai nini?