Mmepatana, Mbona Rufani Ingali Tribinalini?



Uligombana na jirani yako juu ya parseli, ukashindwa, ukakata rufani. Baadaye wazee wakawapatanisha, mkapeana mikono. Lakini rufani hukuiondoa. Umeiacha iwe fimbo nyuma ya mlango. Je, hiyo ni sulhu?

Utasema: "Naogopa. Nikiiondoa, hukumu ya kwanza inabaki, naye aweza kunifukuza nayo." Woga huo una haki. Basi andikeni mapatano mbele ya mashahidi, naye akubali kwa maandishi kutoitumia hukumu ile. Suratul Baqara, aya ya 282, yatuamuru kuandika madeni. Kama mmepatana akulipe kidogo kidogo, semeni wazi rufani itaondolewa siku gani. Kilichosemwa ni sharti. Kilichofichwa ni hila.

Mtume (s.a.w.) aliwasikia Ka'b bin Malik na mdaiwa wake wakigombana msikitini. Alimwashiria Ka'b asamehe nusu ya deni. Ka'b alipokubali, mdaiwa akaamrishwa asimame akalipe. Neno likafuatwa na tendo.

Nawe Jumatatu nenda na avoka wako, muiondoe rufani. Ulilotoa kwa mkono usilikanushe kwa karatasi.

Allah atupatanishe. Amin.