Usingoje Damu Iseme

Mjukuu wangu, juzi ulinisomea kwenye simu habari za maikroRNA tukimenya viazi, ukaniuliza kama ni kweli tone la damu litaonyesha saratani ya matiti kabla uvimbe haujashikika kwa mkono. Wageni waliingia nisikujibu. Nakujibu sasa, na dada zako wasomee.

Unajua nilifanya kazi maabara miaka mingi. Kipande cha nyama kikitolewa kwenye titi hulowekwa kwenye formalini, kisha huingizwa nta ya moto mpaka kikawa kitofali kidogo, halafu tunakikata utando unaopitisha mwanga. Tukishasoma, vitofali tunaviweka kwenye kabati tukidhani vimekwisha kusema. Kumbe maikroRNA zimo mle ndani, na hata baada ya miaka zinaweza kupimwa, kwa kuwa ni fupi mno, herufi 22 hivi, wala hazikatikikatiki kama RNA ndefu. Nilipolijua hili nilikumbuka yale makabati yote, na wanawake wote ambao vipande vyao vilipita mikononi mwangu.

Kazi ya maikroRNA ni kunyamazisha. Jeni hutoa ujumbe ili protini itengenezwe. MaikroRNA huung'ang'ania ujumbe ule usisomwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun walizigundua kwa mnyoo wa milimita moja, wakachapisha mwaka 1993, na Nobel wakaipata 2024. Mwili mzima unazihitaji. Ila kwenye titi lenye saratani mizani huharibika: miR-21 mara nyingi huzidi na kuizima PTEN, jeni inayozuia seli zisizaane ovyo, na let-7, ambayo hutuliza jeni za kuchochea ukuaji, hupungua. Mwaka 2005 Marilena Iorio, Carlo Croce na wenzao walionyesha kwamba mpangilio wa maikroRNA unaweza kutenga titi zima na lenye saratani. Kwa hiyo ulichosoma si uzushi.

Lakini damu, mwanangu, ina hila zake. Sindano ikivutwa kwa pupa, au chupa ikitikiswa njiani, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga maikroRNA zao, hesabu yote ikavurugika. Maabara hii ipate hivi, ile ipate vile. Ndiyo sababu kipimo hicho bado hakijawa cha kutegemewa katika kugundua saratani ya matiti. Atakayekuuzia leo, mwache aende zake.

Mdogo wangu, yule unayemwona kwenye picha ya sebuleni, alikishika kivimbe akioga. Aliniambia baadaye kwamba kilikuwa kama punje ya njahi, hakiumi. Kwa kuwa hakiumi alinyamaza, akasema kwanza wachume kahawa, karo ya kijana iishe. Ikapita misimu miwili. Aliponifungulia blauzi, ngozi ilikuwa imevutika na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Mimi niliyekuwa nasoma matiti ya watu kwenye darubini, sikulijua la dada yangu. Miaka mingi imepita na bado naamka usiku nikiiona blauzi ile.

Si yeye peke yake. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 6,700 Kenya nzima na vifo zaidi ya 3,000, na wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kusambaa. Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, tiba ina nafasi kubwa.

Sasa la mwisho, na usinikasirikie. Uliponisomea, niliona mkono wako ukienda kwapani, mara mbili. Hukusema kitu nami sikuuliza mbele ya watu. Vivimbe vingi vya wasichana wa umri wako si saratani, lakini hilo husemwa na daktari aliyekushika, akaagiza picha, na ikibidi akachukua kipande kwa sindano. Simu haijui.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa langoni mwa uwanja wa Kinoru. Tutapanda pamoja hadi hospitali ya rufaa. Nauli ninayo, na mama yako tutamwambia tukirudi, ukitaka. Vaa sweta inayofunguka mbele.