Beni Ilipozuiwa Kupiga Kura

Nikisikia mtu akisema wananchi hukataa ushauri wa daktari kwa sababu ya ujinga, akili yangu hukimbilia Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 1, 2018, ikianzia Mangina. Iliwakuta watu wenye msiba mwingine. Tangu Oktoba 2014 walikuwa wakichinjwa vijijini na mashambani, na wanajeshi wa serikali na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo jirani. Mara yakaja magari ya misaada, msafara baada ya msafara. Mtu aliyelia miaka minne bila kusikilizwa alikuwa na haki ya kujiuliza: hawa leo wametoka wapi? Maneno yakaanza. Ebola ni biashara. Chanjo ndiyo inayoua. Maiti zinaibwa viungo. Yalitembea sokoni, vijiweni na kwenye WhatsApp, na wapo wanasiasa waliokwenda kuyasema redioni.

Kisha Desemba 26, 2018, zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na mji jirani wa Butembo watasubiri hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa. Kisanduku cha kura peke yake ndicho kilichoonekana kuwa na hatari. Januari rais mpya akaapishwa, wao hawajapiga kura. Kwa maoni yangu, hakuna mzushi aliyeisaidia Ebola kuliko tangazo lile. Aliyekuwa akidai kuwa ugonjwa huu ni siasa alikabidhiwa ushahidi wenye mhuri wa serikali. Kesho yake tu, kituo cha Ebola mjini Beni kikavamiwa. Februari 2019 ikawa zamu ya vituo vya Katwa na Butembo. Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kuwahudumia, akauawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Walioanza kurudisha imani walifanya mambo ya kuonekana kwa macho. Beni kulikuwa na vyumba vya plastiki angavu: mgonjwa amelala ndani, mama yake amesimama nje, wanatazamana na kuzungumza, na muuguzi anamhudumia mgonjwa kwa mikono iliyoingizwa kwenye glavu zilizoshonwa ukutani. Ukimwona mwanao anakunywa maji, ni vigumu mtu kukudanganya kwamba wanamkata figo. Waliopona nao walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Nyumbani kwetu nako, Corona ilipotufikia mwaka 2020, shangazi yangu alikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu, mtu asiyemjua akikataza watu wasiende hospitali. Nikamwambia taarifa ya habari imesema vinginevyo. Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, hii kanitumia mama mchungaji. Nilipofiwa, alilala hapa kwangu hadi arobaini. Huyo wa kwenye taarifa ya habari ananijua?" Ile sauti ilikuwa ya uongo na ingeweza kumuua. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na wizara zetu za afya hazijalijibu bado.

Papy Mumbere Mahamba alikuwa na uwezo wa kulijibu kwa watu wake. Alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, anaishi miongoni mwa wasikilizaji wake, na alitumia kipaza sauti chake kuwaelimisha kuhusu Ebola. Novemba 2019 watu walimfuata nyumbani wakamuua, wakamjeruhi mkewe, wakachoma nyumba. Ebola ile ilipotangazwa kwisha, Juni 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200.

Kila bajeti ya dharura huwa na fungu la magari, la mahema na la posho za wataalamu. Naomba liwepo pia la watangazaji wa redio ndogo kama ya Lwemba: mshahara, bima na ulinzi. Na lianze kutolewa sasa, kabla ya mlipuko mwingine, ili siku ugonjwa ukibisha hodi, sauti ya kuutangaza iwe tayari ni ya mtu wa nyumbani.