Rahisi kwa Nani?

Mstaafu wa Ulaya ahamiaye Moshi ili pensheni yake imtoshe hatendi dhambi. Lakini na alipime neno letu "rahisi", litumikalo kwa kilicho chepesi na kwa chenye bei ndogo. Ndizi iliyo rahisi kwake sokoni haikuwa rahisi kwa mama aliyeiteremsha kichwani kutoka Kibosho: unafuu wa mnunuzi ni ujira mdogo wa mchuuzi.

Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji. Kihamba, ambamo Wachaga huwazika wazee wao, hawezi kukinunua. Atapanga nyumba tu. Hata hivyo, kodi ya nyumba hailipi deni lote. Akimlipa mtunza bustani kwa kipimo cha shida za mtu huyo, amekuja kuvuna. Akimlipa kwa haki, na misibani akaonekana, ameanza kuwa jirani.